Kwa nini uso wa babu unatoka mweusi mbele ya ukuta mweupe?

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Nimenunua Canon EOS 600D ya mtumba pamoja na lenzi yake ya 18-55, najifunza mwenyewe baada ya kazi kwa sababu naipenda picha. Babu yangu hukaa barazani hapa Mji Mkongwe baada ya adhuhuri, kanzu nyeupe, nyuma yake ukuta wa chokaa. Nikimpiga, uso unatoka mweusi tititi, macho hayaonekani. Nikiwasha flashi, paji la uso linang'aa kama limepakwa mafuta. Simu yangu inampiga vizuri kuliko kamera! Wenzangu wanasema tatizo ni lenzi, ninunue ya 50 mm f/1.8. Nifanye nini?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Kamera yako ni nzima na lenzi haina kosa. Pesa ya lenzi iweke kwanza. Kinachokusumbua ni kipima mwanga, na ukishakijua tabia yake utapiga picha nzuri kwa vifaa ulivyonavyo sasa.

Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kuwa babu ndiye unayemtaka. Kinapima mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu, na kimeundwa kwa dhana kwamba chochote kilicho mbele yake, kikijumlishwa, ni cha wastani: si cheupe, si cheusi, bali kijivu. Wapiga picha hutumia kadi ya kijivu inayorudisha asilimia 18 ya mwanga kuuwakilisha wastani huo. Sasa itazame picha yako. Robo tatu yake ni chokaa na kanzu, vitu vinavyorudisha mwanga mwingi sana. Kamera inaona weupe mtupu, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Ukuta unashuka kuelekea kijivu, na uso wa babu, ambao kwa asili ni mweusi kuliko ukuta, unashuka nao hadi gizani. 600D hugawa mandhari katika sehemu 63 inapopima, ni akili ya kutosha kwa picha nyingi, lakini ukuta ukishajaza nyingi ya sehemu hizo uso unazidiwa kura.

Usiniamini kwa maneno, jaribu. Tundika kanzu kivulini, weka gurudumu la juu kwenye Av (wewe unachagua tundu la lenzi, kamera inachagua kasi) na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kwenye 200, jaza picha nzima kwa kanzu, piga. Itoe, tundika buibui mahali palepale, piga tena. Lenzi ikihangaika kutafuta fokasi, yaani ukali wa picha, kwenye kitambaa kitupu, telezesha swichi ya ubavuni kutoka AF (fokasi ya yenyewe) kwenda MF (ya mkono). Ziweke picha hizo mbili pamoja: kanzu imekuwa na rangi ya majivu, na buibui nalo limekuwa na rangi ya majivu. Nguo mbili zinazopingana kabisa, na kamera imezifanya ndugu. Jaribio hili nampa kila anayeanza, kwa sababu baada ya kuliona kwa macho yake mtu hakiachii tena kipima mwanga kiamue peke yake.

Dawa yake ni fidia ya mwanga, yaani kuiamuru kamera iongeze au ipunguze mwanga kuliko ilivyopima. Ukiwa kwenye Av, bonyeza na kushikilia kitufe cha Av+/- nyuma ya kamera, kisha zungusha gurudumu dogo lililo karibu na kitufe cha kupigia mpaka alama ihamie upande wa +. Hatua moja kamili ni mwanga maradufu. Hatua mbili ni mara nne. Babu akiwa mbele ya ukuta wake, anza na sifuri, kisha +⅔, kisha +1⅓, kisha +2. Tazama uso tu. Kuna picha moja kati ya hizo ambayo macho yanafunguka, mikunjo ya paji inaonekana na ngozi ina weusi wake wa kweli, si kijivu wala si makaa. Hiyo ndiyo yako.

Lakini kanzu nayo ina haki yake. Ukizidi kuongeza, mikunjo na darizi ya shingoni vinamezwa na weupe, na weupe uliokwisha kuungua haurudi hata kwa programu gani. Kioo cha kamera juani kinadanganya, usikitegemee. Ukiwa unaitazama picha, bonyeza INFO mpaka uone mchoro wa milima, yaani histogramu. Ukurasa huo pia humetesha sehemu zilizoungua. Ukuta ukimeta kidogo, mwache umete. Kanzu ikimeta kifuani, punguza fidia kwa theluthi moja ya hatua. Na kwenye menyu chagua RAW (faili ghafi) badala ya JPEG (picha iliyokwisha kubanwa), kwani faili hilo ghafi linabeba maelezo mengi zaidi ya giza na mwanga, hata uso uliopungukiwa kidogo unaweza kuuinua kwenye kompyuta bila kuuharibu.

Kuhusu simu: haikushindi kwa lenzi. Simu nyingi za sasa hupiga picha kadhaa kwa mkupuo mmoja, za mwanga mwingi na mchache, zikaziunganisha, tena zinatambua uso na kuupandisha zenyewe. Kamera yako ilitoka 2011 na inakuachia wewe kazi hiyo. Mimi naliona hilo kuwa jambo jema kwa anayejifunza, maana unajua kwa nini picha imetoka ilivyotoka.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda zaidi kuliko vitufe vyote. Mgeuze babu.

Ukuta wa chokaa ukiwa nyuma yake ni adui, ukiwa mbele yake ni taa kubwa ya bure. Vichochoro vya Mji Mkongwe vimejaa taa za aina hiyo: jua linapiga ukuta wa upande mmoja, mwanga unaruka na kumwagika laini upande wa pili. Mkalishe kivulini, uso wake uelekee ukuta unaopigwa na jua, na nyuma yake uwe mlango wa mbao au giza la ukumbi. Ngozi nyeusi haionekani kwa kumwagiwa mwanga mkali. Inaonekana kwa vile inavyoakisi. Chanzo cha mwanga kikiwa kikubwa, mng'ao unatanda taratibu juu ya shavu na kuchora umbo la uso. Kikiwa kidogo na kikali, kama flashi ya kamera, mng'ao unakusanyika kwenye vidoa vyeupe puani na kwenye paji. Hayo ndiyo mafuta uliyoyaona. Izime flashi hiyo.

Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alipiga picha zake nyingi uani kwa mwanga wa mchana, kitambaa kimetundikwa nyuma, na mara nyingi picha moja tu kwa kila mteja kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Zitazame picha zake kwa utulivu. Ni nyeusi na nyeupe, lakini kila ngozi ina kina chake na kila kitambaa kina uzi wake. Hakuwa na histogramu. Alijua mahali pa kumsimamisha mtu.

Tahadhari moja: nyuma ya babu pakiwa mlango mweusi, kamera itakosea kinyume. Itaona giza, itaongeza mwanga, na uso utapauka. Hapo fidia inakwenda upande wa −, labda ⅔ au 1.

Usimchoshe mzee kwa majaribio. Chukua mtungi wa udongo uliokolea, uweke barazani kwenye urefu wa kichwa chake, ufanyie kazi mchana kutwa. Hauchoki wala haukunji uso. Uzungushe, usogeze hatua mbili ndani ya mlango, tazama mng'ao unavyohama. Babu aje ukiwa umeshajua kiti kinakaa wapi.

Saa nayo ichague. Baada ya adhuhuri jua la Unguja liko juu mno, na mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba hupita karibu kabisa na utosi, ndiyo maana macho yanazama kwenye vivuli vya nyusi. Subiri alasiri. Na ule mwanga wa dhahabu wa jioni unaosifiwa, huku kwetu haukai. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, kiasi cha nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo nyuzi 6 za mwisho, ambazo ndizo za dhahabu, zinakwisha ndani ya dakika 25 hivi. Atakayeanza kupanga kiti wakati huo ataupiga usiku.

Hiyo 50 mm f/1.8 si lenzi mbaya, ninaipenda. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa: ikifunguliwa kwenye f/1.8 inapitisha mwanga kama mara kumi kuliko lenzi yako iliyovutwa hadi 50 mm, ambapo inaishia f/5.6. Inafaa sebuleni usiku, harusini, kwenye maulidi. Kwa tatizo lako la barazani haisaidii kitu, kwa sababu kipima mwanga kitakuwa kilekile. Tena ina masharti: ukimpiga babu kwa f/1.8 kutoka mita moja na nusu, eneo linalokaa kwenye fokasi ni sentimita 6 hivi tu, kwa hiyo jicho likiwa kali sikio limeshafifia. Kwa sasa weka lenzi yako kwenye 50, acha mkanda wa kuvuta usiguse kwa wiki moja, uone kama urefu huo unaupenda na kama kichochoro kina nafasi ya kurudi nyuma.

Maadam kamera ni ya mtumba na wewe uko pwani, vua lenzi, mulika tochi upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzi kama za buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, na hustawi kwenye unyevu. Usiiweke kamera kwenye mkoba wa ngozi kabatini. Tumia kopo la plastiki linaloziba barabara, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu.

Na kila ukimaliza kikao, rudisha alama ya fidia kwenye sifuri. Ukiisahau kwenye +1⅓, picha za kesho forodhani zitaungua zote kabla hujagundua.