Kozi ya C Imeondolewa, Nami Bado Nadaiwa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa umeme, na likizo hii nipo nyumbani Ngamiani, Tanga. Mwaka wa kwanza nilifeli kozi ya kuandika programu kwa lugha ya C, nikaambiwa nitairudia. Sasa idara imetangaza kwamba kozi hiyo imeondolewa, mahali pake pamewekwa Python, na C imehamishiwa mwaka wa tatu katika kozi ya maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo zilizo ndani ya chipu moja. Je, nirudie ipi? Na C niliyohangaika nayo ina faida tena?

JIBU: Swali lako la kwanza usiliulize kwa wanafunzi wenzako. Mwandikie mkuu wa idara, uombe ujibiwe kwa maandishi ni kozi gani inayohesabiwa badala ya ile uliyofeli, na kama krediti zake zinalingana, kwa sababu upungufu wa krediti mbili aghalabu hugundulika wakati majina ya wahitimu yanapoandaliwa. Barua hiyo iwahi kabla dirisha la usajili wa kozi halijafungwa.

Kuhusu C, mabadiliko hayo yana mantiki, ingawa mimi nisingeichelewesha hadi mwaka wa tatu. Python, iliyotolewa mwaka 1991, humwezesha mwanafunzi mgeni kukokotoa saketi na kuchora mawimbi ya umeme bila kwanza kupambana na aina za data na pointa, yaani anwani za mahali data ilipo kwenye kumbukumbu. Lakini urahisi huohuo humficha mambo ambayo mhandisi wa umeme hana budi kuyajua. Chukua Arduino Uno R3, bodi ya maikrokontrola ya kujifunzia, ambayo chipu yake ina baiti 2,048 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Python haienei humo, hata ile iliyopunguzwa kwa ajili ya maikrokontrola. Tuseme umeiunganisha na mita inayotoa mipigo 1,000 kwa kila uniti ya umeme, ukaihesabu mipigo hiyo kwa int, aina ya kawaida ya namba nzima katika C. Kwenye bodi hiyo int huishia 32,767, kwa hiyo kabla ya uniti ya 33 kutimia hesabu yako itageuka kuwa hasi. Katika Python namba nzima hukua kadiri inavyohitajika, na aliyeanza na lugha hiyo pekee atatafuta kosa kwenye nyaya wakati limo kwenye programu.

Kwa hiyo jisajili Python kama idara itakavyoelekeza, na C uiendeleze mwenyewe likizo hii, ukianza na aina za data, kisha pointa. Na kama unatarajia kufanya mafunzo kwa vitendo katika viwanda vya saruji vya hapo Tanga, fahamu kwamba mitambo ya namna hiyo huendeshwa na vidhibiti vya PLC, yaani kompyuta za kuongozea mitambo ya viwandani, ambavyo mara nyingi programu zake huchorwa kwa michoro ya ngazi. Hiyo si C wala Python, nayo iulizie katika barua yako iwapo imo kwenye mtaala mpya.