Wiski ya moshi wa binamu ya mathenge

Funda la kwanza nililitema. Nilikuwa kwa shemeji, hapa Tucson, Arizona, nimetoka kushiba nyama choma yenye pilipili, nikamiminiwa wiski kwenye kikombe cha plastiki nikaipiga yote kwa mkupuo. Kinywani nikahisi jivu la jiko lililomwagiwa maji. "Shemeji, hii ni ya kunywa au ya kupaka?" Walicheka mpaka leo hawajamaliza.

Kosa lilikuwa langu. Ilinichukua karibu miaka miwili kulijua, na ndiyo maana naandika.

Kwanza ujue moshi unatoka wapi, maana wengi hudhani unatiwa kwenye pipa. Aliyekulia karibu na mama pima, muuza pombe ya kienyeji, ataelewa haraka: shayiri hulowekwa ikachipua, kama wimbi la kuotesha kimea cha busaa, halafu hukaushwa isiendelee kuota. Kuni zinazoikausha ndizo zinazoiachia harufu. Kule Islay, Uskoti, huchoma udongo mkavu wa kinamasi, na wiski yake hunukia bahari na dawa ya hospitali. Huku jangwani huchoma mti uitwao mesquite.

Na mesquite, ndugu yangu, ni binamu wa mathenge. Ndiyo, mathenge yule yule, mti wa miiba wa Baringo, Kenya, ambaye watu walimpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani kuonyesha alivyofanywa na maganda yake! Siku nilipojua hilo, nilikumbuka magunia ya makaa kando ya barabara ya Marigat, na ile harufu tamu kidogo, kama sukari iliyoungua. Stephen Paul, aliyeanzisha Whiskey Del Bac, kiwanda cha wiski hapa Tucson, alikuwa fundi wa fanicha za mesquite. Wazo lilimjia kutokana na vipande vya mbao alivyokuwa akichomea nyama. Wiski yao ya moshi inaitwa Dorado, asilimia 45 ya kileo. Ni shayiri tupu, kiwanda kimoja, hiyo ndiyo maana ya neno singo molti (single malt). Tangu Januari 2025 sheria ya Marekani inaitambua aina hii rasmi.

Sasa kuonja. Ukiwa na chupa kadhaa, ya moshi iwe ya mwisho. Niliwahi kuwaalika wenzangu wanne nikaanza nayo kwa mbwembwe. Zilizofuata zote zikawa kama maji ya bomba, pesa yangu ikaenda. Mililita 15 kila mtu zinatosha, na funguo za gari ziwe kwa asiyekunywa.

Tafuta glasi ndogo yenye tumbo na mdomo mwembamba. Usizungushe kama mvinyo, kileo kitakuchoma pua. Iweke chini ya kidevu kwanza, acha mdomo wazi kidogo, kisha ipandishe taratibu. Mara ya kwanza utanusa moshi tu. Subiri. Dakika tano baadaye moshi unajisogeza pembeni, na mimi hapo hupata ganda la chungwa lililokauka na sukari guru.

Funda la kwanza liwe dogo, la kuuzoesha ulimi tu, usilitolee hukumu. La pili litembeze mdomoni. Kisha tia maji, nusu kijiko cha chai, si zaidi kwa kuanzia. Utamu hujitokeza hapo. Barafu mimi siweki: baridi hufunga harufu, ukabaki na uchungu. Soda? Ni pesa zako, lakini basi nunua ya bei rahisi.

Kilichonifanya niipende hatimaye si kitabu wala mtaalamu. Nyanya yangu alikuwa akisugua kibuyu kwa kijinga cha moto kabla ya kutia maziwa ya mursik, na mgeni aliyepewa mara ya kwanza alikunja uso kama nilivyokunja mimi kwa shemeji. Nyanya hakubishana naye. Alimwongezea kidogo tu, akaendelea na kazi zake.

Jambo moja la mwisho: usiioshe glasi usiku huo. Iache mezani, asubuhi uinuse kabla ya chai. Kileo kimekwisha kuruka, na kilichobaki chini ni kibuyu kitupu.