Kiarabu cha njiani: jifunze jibu kabla ya swali

Msimu wa Umra na Hija ukikaribia, simu yangu huwa haitulii. Watu wa hapa Mwanza wanajua niliwahi kufanya kazi Muscat na baadaye nikafika Makka na Madina, basi wananitafuta: "Kaka, nifundishe Kiarabu cha kuulizia njia." Si mahujaji peke yao. Yupo dada anayekwenda Oman kufanya kazi za ndani, yupo kijana wa Igoma aliyepata kazi ya udereva, yupo mama wa Makoroboi anayekwenda Dubai kufuata mzigo. Wote wanaomba kitu kimoja, namna ya kusema "wapi". Wakishapewa "ween" ya Ghuba, yaani Oman, Dubai na majirani zao, na "feen" ya Makka na Jeddah, wanaandika kwenye daftari na kuona kazi imekwisha.

Kazi haijaanza. Kuuliza ni neno moja na jina la mahali: "Ween as-suuq?", soko liko wapi? Hata ukikosea matamshi utaeleweka, kwa kuwa mtu anakuona umesimama njiani na begi. Ugumu uko kwenye jibu. Yeye hajui kwamba umekariri sentensi moja, kwa hiyo anakujibu kwa kasi yake ya kila siku: "Siida, ba'd ad-dawwaar, thaani yamiin, mugaabil al-masjid." Kisha anaendelea na safari yake. Mimi ninapomfundisha mtu, naanza na jibu hilo. Nalisema, nalirudia, nalisema haraka, hadi aweze kunionyesha kwa mkono anakotakiwa kwenda.

Ukilipasua jibu hilo utaona kwamba Mswahili ana mtaji mkubwa kuliko anavyodhani. "Siida" ni moja kwa moja. Neno hilo limeingia Ghuba kutoka kwa watu wa Bara Hindi, na madereva wengi wa kule ni Wapakistani, Wahindi na Wabangladeshi, kwa hiyo utalisikia kutwa. Makka na Cairo watakwambia "'ala tuul". "Ba'd" ni baada, na "qabl" ni kabla, ingawa Ghuba wengi hutamka "gabl". "Dawwaar" ni kipilefti. "Thaani" ni ya pili. "Mugaabil" ni mkabala wetu huuhuu. "Masjid" haina haja ya maelezo. Ongeza "ishaara", ambayo barabarani ni taa za kuongozea magari, na "qariib", yaani karibu, ukikumbuka kwamba kwa Mwarabu neno hilo linataja umbali tu, halimkaribishi mtu ndani. Mbali ni "ba'iid".

Kulia na kushoto ndiyo maneno yasiyosamehe, kwa hiyo yapeni muda. Kulia ni "yamiin". Kushoto ni "yasaar" kwa watu wa Ghuba, lakini Mmisri atakwambia "shimaal", na Wamisri wamejaa kila mji wa Uarabuni. Waliopita madrasa wanajua Suratul Waqi'a inavyowataja as-habul yamiin na as-habu shimaal, watu wa kuliani na watu wa kushotoni. Ishike hapo hapo na haitatoka. Ila uwe mwangalifu na kibao cha barabara kuu: "shamaal" ni kaskazini. Herufi ni zilezile, irabu ya kwanza tu ndiyo imebadilika. Dereva akiwa anakuelekeza kona, anasema kushoto; ukiliona kwenye kibao cha barabara inayotoka nje ya mji, ni kaskazini.

Mazoezi hayahitaji darasa. Panda daladala. Ukitoka Nyegezi kwenda mjini kwa Barabara ya Kenyatta, ziwa liko kushoto kwako: "al-buhayra 'al-yasaar." Jioni unaporudi limehamia kulia: "al-buhayra 'al-yamiin." Safari hiyohiyo moja inakulazimisha kutumia maneno yote mawili, na kila mara yanakuwa na kitu cha kweli cha kuyashikilia. Vituo vitumie kwa kabla na baada: Mkuyuni iko "ba'd" Butimba, Igogo iko "ba'd" Mkuyuni, na ukigeuza safari vyote vinageuka. Konda akiita "Kuna wa Mkuyuni?", jibu kimoyomoyo "waggif hina", simamisha hapa. Sentensi hiyo ndiyo utakayoihitaji kuliko zote ukiwa ndani ya teksi. Ukitaka adabu zaidi, ongeza "law samaht" ukisema na mwanamume, "law samahti" ukisema na mwanamke.

Nasisitiza kusema kwa sauti, hata ya chini. Kiarabu kinapima urefu wa sauti kwa namna ambayo sisi hatujazoea. "Mataar" yenye a ndefu mwishoni ni uwanja wa ndege. "Matar" fupi ni mvua. Ukimwambia dereva unataka kwenda kwenye mvua atakuelewa baada ya kufikiri kidogo, lakini ukiwa na ndege ya kuwahi hutaki mtu afikiri. Sema "mataaar", ivute kupita kiasi, ni salama zaidi kuliko kuifupisha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimeona linawagharimu watu wetu nauli na ndege, nalo ni saa. Maneno tunayo, na hapo ndipo hatari ilipo. Mwarabu akisema "as-saa'a sitta", sikio la Mswahili linapokea "saa sita" bila hata kuuliza. Lakini yeye anahesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, kama saa ya ukutani inavyoonyesha. "Sitta" yake ni saa kumi na mbili yetu. "Sab'a" yake ni saa moja, "tis'a" yake ni saa tatu. Mtu akiambiwa basi la uwanja wa ndege linaondoka "as-saa'a sitta", asubuhi, akajipangia kufika mchana, basi litakuwa limekwenda saa sita nzima kabla yake. Kwa Kiingereza hatukosei hivyo, kwa sababu "six" haifanani na sita, na akili inajua inatakiwa kubadilisha. Kwa Kiarabu neno linafanana kabisa, kwa hiyo akili inalala.

Dawa niliyoiona inafanya kazi ni kutotafsiri kabisa. Ukisikia saa kwa Kiarabu, tazama uso wa saa au simu yako na uone mshale au tarakimu: sitta ni pale palipoandikwa 6. Halafu uliza "as-subh?" au "al-masaa?", asubuhi au jioni. Vipande vya saa ni rahisi: "nuss" ni nusu, "rub'" ni robo, na "sitta illa rub'" ni kasorobo, ile "illa" ikiwa ndiyo ila yetu. Treni ya Haramain, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2018 kati ya Makka, Jeddah na Madina, haimsubiri anayepiga hesabu ya saa ya Kiswahili.

Tarakimu nazo zitazameni kabla hamjafunga mizigo. Kwenye mabasi, milango na namba za magari ya Oman, Saudia na Misri utakutana na ٠١٢٣٤٥٦٧٨٩. Nukta ndogo ni sifuri, na kiduara kinachofanana na sifuri yetu ni tano. Ile inayofanana na saba yetu, ٦, ni sita, na saba yenyewe ni ٧. Namba husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, ingawa maandishi yanakwenda upande wa pili. Ukitamka, mamoja hutangulia makumi: 25 ni "khamsa wa 'ishriin", tano na ishirini. Kwa hiyo usianze kutoa hela uliposikia tano, subiri amalize. Na tega sikio kati ya "khamsa", "khamsiin" na "khamasta'shar", yaani 5, 50 na 15, hasa unapouliza bei ya teksi: "Bikam lil-mataar?" Uliza hivyo ukiwa bado umesimama nje, mlango haujafungwa.

Maneno machache yanawapoteza watu wetu kwa kufanana. "Daraja" kwa Kiarabu ni ngazi au cheo. Hili letu jipya la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, Mwarabu angeliita "jisr", na Saudia na Misri wangesema "kubri". Meli ni "safiina", bandari ni "miinaa", kituo ni "mahatta". Teksi ina maandishi "ujra", ndugu wa ujira wetu.

Dada zangu mnaokwenda kufanya kazi za ndani, kwenu naongeza jambo moja, nalo ni zito. Wengi hufika usiku, hupelekwa nyumbani kwa mwajiri, na miezi inapita hajui yuko mtaa gani. Siku ya kwanza uliza jina la eneo, "al-mantiga", na namba ya nyumba, uviandike kwa herufi zetu kama ulivyovisikia, kisha vitume kwa mtu wako huku Mwanza. Mwombe mtu wa pale akuandikie pia kwa Kiarabu, upige picha. Jifunze "shurta", polisi, na "mustashfa", hospitali. Jifunze "as-safaara at-tanzaaniyya", ubalozi wa Tanzania, na uiseme hadi itoke bila kuwaza. Na sentensi ya dereva ni hii: "Abgha aruuh as-safaara", nataka kwenda ubalozini. Itamkeni hata mkiwa mnaosha vyombo huku nyumbani, wiki nzima kabla ya safari.