Maswali Yenu: Mkanda wa Volkano Unaonuka Siki

SWALI: Katika kasha la marehemu babu tumekuta kopo la bati lenye mkanda wa filamu, juu limeandikwa "Nyamulagira 1938", jina la volkano ya Kongo. Ukifunua, siki tupu! Jirani ana projekta na watoto wana hamu. Tuutazame?
Msomaji, Makadara, Mombasa

JIBU: Msiutie kwenye projekta hata dakika moja. Harufu hiyo ni asidi ya plastiki ya asetati inayooza. Joto na unyevu wa pwani huichochea, na kutu ya kopo huizidisha. Mkanda ukioza hunywea, matundu ya pembeni yasilingane tena na meno ya projekta, yakachanika.

Upimeni. Vaeni glavu za pamba, utandazeni mezani bila kuuvuta, mhesabu picha 100. Filamu ya milimita 16 ikiwa nzima, picha hizo huchukua milimita 762. Mkipata 754, imenywea asilimia 1: ni ya kuskaniwa tu, tena kwa mashine isiyo na meno. Upana ukiwa milimita 35, isogezeni mbali na jiko kwanza, huenda ni ya nitrati na hiyo huwaka vibaya. Ukungu msiufute kwa maji; utando wa picha hulainika ukabanduka.

Mwambieni fundi askani picha moja moja, kisha mwendo upangwe baadaye. Kamera nyingi za kutia ufunguo zilipiga picha 16 kwa sekunde. Zikionyeshwa 25, futi 100 za dakika nne na ushei huisha kwa dakika mbili na sekunde 40, na lava inayojikokota itaonekana ikikimbia. Mwendo upimeni kwa hatua za watu, si kwa lava.

Moto kuonekana mweusi si lazima iwe kasoro. Filamu za othokromatiki hazikuona rangi nyekundu, kwa hiyo lava iliyoiva wekundu hafifu hutoka kama lami. Doa linaloganda pahala pamoja picha hadi picha ni uchafu wa dirisha la kamera, yaani tundu ambamo mwanga hupiga filamu, na majivu ya volkano hupenda kupenya humo.

Kwa sasa utoeni kwenye bati, muuweke katika boksi la karatasi ngumu lenye kupitisha hewa, chumba cha baridi kuliko vyote, mbali na mikanda mingine kwani mvuke wake huiharibu. Mlipuko wa Nyamulagira ulianza Januari 1938 ukaendelea hadi 1940, na lava ilifika Ziwa Kivu. Mkiona mvuke juu ya maji, kipande hicho kiskaniwe kwanza.