Bahasha ya Lindi usiitumbukize majini: kwa wastaafu wanaoanza kukusanya stempu

Wazee wangu na mama zangu mliostaafu hivi karibuni, karibuni sana kwenye stempu. Tunafurahi kila mnapoongezeka. Lakini karibu kila anayeanza, awe mwalimu wa Masasi au karani wa bandari ya Mtwara, huharibu mambo kwa namna ileile. Anafungua sanduku la barua za marehemu baba yake, anajaza maji kwenye beseni, anatumbukiza bahasha zote. Jioni ana stempu safi zimeanikwa juu ya gazeti, na bahasha ziko jalalani. Ndipo anazileta kwa furaha tuzitazame, nasi inabidi tumweleze kwamba alichokitupa ndicho kilichokuwa na thamani. Tumeshachoka kutoa habari hiyo. Someni haya kabla ya kugusa maji.

1. Muhuri kwanza, stempu baadaye

Kuanzia 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stempu za pamoja zenye majina ya nchi zote tatu. Stempu ya Mfalme George wa Sita iliyouzwa dirishani Kampala ni ileile iliyouzwa Nairobi, na ni ileile iliyouzwa Lindi. Ukiibandua kwenye bahasha haina kwao tena. Za thamani ndogo zilichapishwa kwa wingi mno, na katika katalogi nyingi ziko kwenye bei ya chini kabisa. Kinachoitofautisha moja na nyingine ni ule mviringo wa wino wenye jina la ofisi ya posta, siku, mwezi na mwaka. Mviringo huo mara nyingi umekaa nusu juu ya stempu, nusu juu ya karatasi. Ukiondoa karatasi unabaki na "...NDI" na nusu ya tarehe, na hakuna mtu duniani atakayekuunganishia.

Tazameni jinsi mihuri ya kusini inavyosimulia. Lindi na Mikindani zilikuwa na posta tangu enzi za Wajerumani. Mwaka 1947, ulipoanza mpango wa Waingereza wa mashamba makubwa ya karanga, makao ya wilaya yalihama Mikindani kwenda Mtwara. Bandari mpya ikajengwa, reli ikapelekwa Nachingwea, wafanyakazi wakamiminika kutoka nje, na wote hao waliandika nyumbani kwao. Mpango ukaachwa 1951, na reli yenyewe ikafa katika miaka ya 1960. Bahasha yenye muhuri wa Nachingwea wa 1949 inatoka katika kipindi cha miaka michache ambacho hakirudi. Ofisi ndogo kama Newala na Liwale nazo hazikupitisha barua nyingi kama Dar es Salaam, kwa hiyo muhuri wake ukiwa mzima na unasomeka, ushikeni kwa mikono miwili.

Basi bahasha ikikufikia, igeuze kwanza. Nyuma mara nyingi kuna muhuri wa ofisi iliyopokea au iliyopitisha, na tarehe hiyo pamoja na ile ya mbele zinakupa muda barua ilioutumia njiani. Tafuta kibandiko cha rejista chenye herufi R, namba na jina la ofisi. Kwa barua za 1939 hadi 1945 tafuta kibandiko au muhuri wa mkaguzi wa barua wa wakati wa vita. Jumlisha thamani ya stempu zote, maana jumla ndiyo nauli ya barua, na nauli huonyesha kama ilikwenda kwa meli au kwa ndege, kama ilikuwa ya kawaida au ya rejista. Ukibandua stempu moja tu, hesabu hiyo imevunjika. Hata namba ya S.L.P. na jina la mpokeaji ni sehemu ya ushahidi.

Bahasha nzima ibaki nzima. Ikiwa imeliwa na mchwa na haiokoleki, kata kipande cha kama sentimita 5 kwa 10, muhuri wote ukiwa ndani pamoja na nafasi kidogo pembeni. Kama muhuri ni doa lisilosomeka, nyuma hakuna kitu, na stempu ni ya kawaida, hapo ndipo maji yanaruhusiwa. Barua iliyomo ndani ikae na bahasha yake, na kabla ya kumwonyesha mtu yeyote, ulizeni ndugu kwanza, kwa kuwa mambo ya watu yamo humo.

2. Kuloweka zinazostahili kulowekwa

Maji ya kawaida au ya uvuguvugu kidogo, bakuli pana, vipande 20 hadi 30 kwa wakati mmoja, uso wa stempu ukiangalia juu. Bahasha za rangi, hasa nyekundu, na zile za kaki, ziwe na bakuli lake peke yake kwa sababu rangi hutoka. Subirini dakika 15 hadi 20 mpaka stempu iteleze yenyewe. Ikigoma, iongezeeni muda, msiivute. Suuzeni kwenye maji safi gundi iishe, kisha lazeni kifudifudi juu ya karatasi nyeupe isiyochapishwa (wino wa gazeti huhamia kwenye stempu). Zimeni feni. Zikikauka hukunjamana, na hilo si tatizo: ziwekeni katikati ya karatasi safi ndani ya kitabu kizito usiku mzima. Wakati wa mvua hapa pwani zipeni siku mbili kabla hazijaingia kwenye albamu.

Mbili hazilowekwi kamwe. Stempu za kisasa zinazojibandika zenyewe, nyingi gundi yake haiyeyuki kwa maji, hivyo kata na karatasi yake. Na stempu za kikoloni za Kiingereza za rangi ya zambarau au kijani, nyingi zilichapwa kwa wino uliotengenezwa makusudi uchuje ukilowa, ili watu wasifute muhuri na kuzitumia tena. Ukiitumbukiza, kijani hugeuka manjano mbele ya macho yako.

3. Unyevu

Vitabu vya wenzetu wa Ulaya haviwatoshi nyinyi hapa. Kuvu huanza kustawi hewa ikipita unyevu wa asilimia 65 hivi, na Mtwara na Lindi tunapita hapo sehemu kubwa ya mwaka. Kuanzia Desemba hadi Aprili ndiyo hatari zaidi. Madoa ya kahawia yakianza kwenye stempu moja, itoe siku hiyohiyo, maana yanasambaa kwa jirani zake, na msijaribu kuyafuta kwa dawa ya kung'arishia nguo.

Albamu zisimame wima kama vitabu vya maktaba, zisilale moja juu ya nyingine, kwa kuwa uzito na joto hugandisha gundi. Zisigusane na ukuta wa nje. Ziwekeni kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana pamoja na chembe za silika zile zinazobadilika rangi zikishiba unyevu. Zikibadilika, zipasheni kwenye sufuria kavu isiyotumika kwa chakula, moto mdogo, mpaka rangi irudi. Fungueni albamu siku ya jua kavu, kivulini, mgeuze kurasa zote. Stempu mpya zenye gundi zitenganishwe kwa karatasi ya glasini, ile nyembamba na laini isiyoshika gundi. Zikishikana, msizibandue kwa kucha: tandikeni kitambaa chenye unyevu ndani ya boksi tupu, wekeni wavu juu yake, stempu juu ya wavu, mfunike, mziangalie kila baada ya saa moja au mbili.

Wadudu msiwadharau. Mende hula gundi, mchwa hula vyote. Wakati wa Vita vya Kwanza, Wajerumani waliozingirwa baharini walichapisha stempu zao kwenye kiwanda cha uchapaji cha misheni ya Wuga, huko Usambara. Machi 1916 meli iitwayo Marie ikapenya vizuizi vya Waingereza na kuingia ghuba ya Sudi, hapahapa katikati ya Lindi na Mikindani, ikiwa na shehena iliyojumuisha stempu mpya kutoka Ujerumani. Zile za Wuga hazikuhitajika tena, zikafukiwa karibu na Morogoro. Zilipofukuliwa 1921 nyingi zilikuwa zimeharibika. Ardhi yetu haihifadhi karatasi, na kabati lenye unyevu halitofautiani sana na ardhi.

4. Mikono na vifaa

Tumieni kibano chenye ncha bapa, si kile cha nyusi. Aliyetoka kubangua korosho asiguse stempu siku hiyo hata kama amenawa. Mifuko iwe ya poliesta au polipropilini. Plastiki ya PVC, ile laini yenye harufu kali, hunyonya wino. Selotepu ni marufuku.

Kipimo cha meno ya ukingo wa stempu ni cha lazima. Kinahesabu matundu kwa kila sentimita 2, na katika stempu za pamoja za 1938 hadi 1954 picha ileile ilitobolewa kwa vipimo tofauti vyenye bei tofauti sana.

5. Kiinua mgongo

Msikiguse. Mwaka wa kwanza nunueni kibano, kitabu cha kuhifadhia, lenzi ya mara 10 na kipimo cha meno, basi. Bei ya katalogi ni ya stempu isiyo na kasoro inayouzwa na mfanyabiashara dukani kwake. Wewe ukiuza utapata sehemu ndogo yake. Stempu za enzi ya Wajerumani zenye thamani kwa sarafu iliyoitwa pesa, na za sarafu ya heller zilizofuata 1905, pamoja na zile zilizochapwa maandishi juu yake kwa ajili ya kisiwa cha Mafia 1915, zina bandia nyingi. Bila cheti cha mtaalamu, waacheni wauzaji wazipende wenyewe. Seti nyingi za Tanzania za miaka ya 1980 na 1990 zilitengenezwa kwa soko la wakusanyaji wa nje. Ni nzuri kutazama, wajukuu watazifurahia, lakini si akiba.

6. Chagueni uwanja mdogo

Dunia nzima haikusanyiki. Mtu wa Lindi anaweza kuchukua Tendaguru peke yake: mifupa ya dinosaria iliyochimbwa pale kati ya 1909 na 1913 iko Berlin, na mwaka 1990 Ujerumani Mashariki ilitoa seti ya stempu zenye dinosaria wa makumbusho yale, ambayo mpaka leo ni rahisi kununua. Mtu wa Mtwara achukue mihuri ya Mikindani na Mtwara.

7. Daftari

Kila bahasha ipewe namba kwa penseli laini kwenye mfuko wake, si kwenye bahasha yenyewe. Daftarini andikeni namba hiyo, jina la ofisi, tarehe ya muhuri, ulikoipata, bei uliyolipa na mwaka ulioilipa. Mwonyesheni mtoto mmoja au mjukuu mahali daftari lilipo, na mwandike ukurasa wa mwanzo ni zipi zisiuzwe kwa bei ya furushi. Wasioelewa hugawa vitu hivi na magazeti ya zamani.