ULIZA UJIBIWE: Droni ya milioni moja inaua kifaru cha mabilioni, sasa vya nini tena?

Toleo lililopita tuligusia vita ya Ukraine kwa mistari miwili tu, basi inbox imejaa, na karibu wote mnauliza vifaru. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha. Wale wa matusi kwa pande zote mbili za vita nimewaacha, mtanisamehe.

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Mimi nina gereji hapa Mbagala, kila jioni vijana wananionesha video kwenye simu, kidroni kinachorushwa na mtu kavaa miwani kinajipenyeza kwenye kifaru cha Mrusi alafu kichwa kizima na mzinga wake kinaruka juu kama kifuniko cha sufuria. Mzee, kama kitu cha milioni moja na ushee kinaua kitu cha mabilioni, kwa nini wenye akili zao bado wananunua vifaru? Si hela yote wanunue droni? (Fundi, Mbagala)

JIBU: Marahaba fundi. Tuanze na hicho kichwa kinachoruka maana wewe utaielewa haraka kuliko mimi. Vifaru vya Kirusi vya ukoo wa T-72 havina askari wa kupakia risasi, kuna mashine inafanya iyo kazi, ndo maana ndani wanakaa watu 3 badala ya 4. Risasi 22 na baruti zake zimepangwa kwa duara sakafuni, yaani chini ya makalio ya kamanda na mpiga mzinga, alafu nyingine za akiba zimechomekwa humohumo ndani popote palipo na nafasi. Moto ukifika pale zinawaka kwa mpigo, presha inatafuta pa kutokea, na kichwa kimekaa kwenye ringi yake tu, hakijachomelewa, basi kinang'oka na waliomo ndo hivo tena. Abrams ya Marekani risasi nyingi zipo chumba cha nyuma chenye mlango wa chuma, na juu yake kuna mabamba yaliyotengenezwa dhaifu makusudi ili zikilipuka moto utokee juu, gari linakufa ila watu wanashuka wanakimbia. Kwa iyo nusu ya video zako zinaonesha ubaya wa mchoro mmoja wa Kisovieti, sio ubaya wa vifaru vyote.

Hiyo nusu nyingine sasa ndo yenye swali lako. Abrams 31 zilipelekwa Ukraine, na zilizobaki zilirudishwa nyuma kutoka mstari wa mbele Aprili 2024, na sio kwa ubovu, ila anga limejaa macho kiasi kwamba kifaru kinaonekana kabla hakijafika popote. Warusi wamepoteza vifaru zaidi ya 3,000 kwa kuhesabu vile tu vilivyothibitishwa kwa picha, kimoja kimoja, mpaka wakaanza kutoa maghalani T-62 na hata T-55, vitu vya umri wangu. Huwezi kumwambia mtu hiyo ni bahati mbaya.

Ila ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Oktoba 1973 kule Sinai, Wamisri walivuka mfereji wa Suez wakiwa na makombora ya Sagger, dogo tu, linabebwa kwenye kasha kama la nguo, askari analiongoza kwa kijiti huku linavuta waya mwembamba nyuma yake. Tarehe 8 Waisraeli wakapeleka vifaru peke yake, bila askari wa miguu wa maana, bila mizinga ya kutosha ya nyuma kuwafunika, wakachanwa vibaya sana, na magazeti ya dunia yakaandika kifaru kimekwisha. Wiki mbili hazijaisha, vifaru vya Israeli hivohivo vilikuwa vimevuka mfereji upande wa pili vinasambaratisha mitambo ya Wamisri ya makombora ya kutungulia ndege. Kilichobadilika ni namna ya kutumia, waliacha kuvipeleka peke yake. Na cha ajabu leo tumerudi kwenye waya, maana baada ya watu kujua kuvuruga mawimbi ya droni, zimekuja droni zinazovuta uzi wa faiba nyuma yake kwa kilomita 10 na zaidi, huwezi kuzizima kwa mtambo wowote wa mawimbi.

Sasa kwa nini wananunua. Kwa sababu ile kazi ya kifaru haijapata mwenyewe mwingine. Fikiria kuna bunduki kubwa kwenye dirisha la ghala la zege, umbali kilomita 2, inawazuia askari wako kuvuka uwanja. Mzinga wa milimita 120 unapiga lile dirisha ndani ya sekunde chache tangu kamanda aseme piga, na ukikosa unarudia, mvua inyeshe, ukungu uwepo, upepo uvume. Kidroni kidogo kwenye mvua na upepo mkali kinabaki kwenye begi. Alafu zile video unazoona ni zile zilizopiga, fundi, zilizoanguka njiani hakuna anayeziposti. Mara nyingi kifaru kimoja kinapigwa na droni kadhaa mpaka kife, na mara nyingi kilikuwa kimeshakanyaga bomu la ardhini kikakata mnyororo, kimesimama, droni zinakuja kumaliza.

Hilo la mabomu ya ardhini watu wanalipita haraka na mimi naona ndo kubwa. Juni 2023 karibu na Mala Tokmachka, Waukraine walisogea kwa msururu, vifaru vya Leopard 2A6 vya Ujerumani na Bradley za Marekani, yale magari ya deraya ya kubebea askari, wakifuata njia moja nyembamba iliyosafishwa na gari la kufagia mabomu. La mbele likakwama. La nyuma likajaribu kulipita pembeni, likalipuka. Lingine likarudi kinyumenyume likalipuka nalo, wakabanana pale kama robo saa ya foleni ya Tazara, mizinga na helikopta za Kirusi zikaanza kuwachagua. Hakuna droni ya dola 500 iliyohitajika kuanzisha ile balaa. Na askari wengi wa zile Bradley walitoka wazima, gari limeungua wao wamelala mtaroni wanapumua. Ukiwauliza wale kama deraya ina maana au haina maana, wana jibu lao.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni huu: hakuna nchi duniani inayojua droni kuliko Ukraine sa hivi, wanaunda mamilioni, na bado 2025 wamepokea Abrams za Australia kati ya 49 walizoahidiwa, wala hawakusema hapana asante tutumieni betri. Poland nayo imeagiza mamia, Abrams kwa Mmarekani na K2 kwa Mkorea Kusini. Upande mwingine, askari wa majini wa Marekani, wale Marines, waliamua 2020 kuachana na vifaru vyao vyote. Wote wawili wana akili. Poland ni tambarare na jirani yake anajulikana, Marines wanawaza visiwa vya Pasifiki, kifaru cha tani 60 na kitu utakipeleka wapi kwenye kisiwa.

Ninachokubaliana na wewe ni kwamba ile picha ya vifaru 50 vinakwenda mstari mmoja uwandani mchana kweupe imekwisha, anayeifanya leo anaua watu wake. Sa hivi kinafichwa chini ya miti kilomita kadhaa nyuma, kinatoka kinapiga kinarudi, muda mwingine kinatumika kama mzinga wa mbali tu.

SWALI: Mzee nimeona Warusi wanashambulia kwa pikipiki, kweli kabisa, wawili wawili mishikaki. Kwa iyo bodaboda imeshinda kifaru? (Dereva boda, Mwanza)

JIBU: Wanashambulia kweli, 2024 na 2025 imekuwa kawaida. Pikipiki inakimbia, inapita kwenye kichaka, droni ya kwanza ikikukosa unaweza kuwahi handaki kabla ya pili haijaja. Ila wewe unajua pikipiki ikipigwa chochote dereva anapona vipi, na pale injini inanguruma hata hawasikii droni inavyokuja. Wanatumia kwa sababu magari ya deraya yamepungua na makamanda wao wana roho ngumu na watu wao. Wengine wamefunika kifaru kizima kwa mabati mpaka kinafanana na kibanda kinachotembea, kichwa hakigeuki, dereva anaona mbele tu, na kuna siku kimefika salama. Mambo ya dhiki hayo.

SWALI: Mjomba, babu yetu alikuwa vita ya Kagera na anasema bila vifaru tusingefika Kampala. Mdogo wangu anasema zama zile zimepita na jeshi la nchi kama yetu lingeuza vyote. Tuamulie. (Wajukuu wa mpiganaji, Bukoba)

JIBU: Msalimieni sana babu, na muacheni amalizie hadithi zake maana hao wazee wanapungua. Ana haki, ila mwambieni awaeleze na upande wa pili. Majeshi ya Amin yalipolipua daraja la Kyaka mwanzoni mwa Novemba 1978, mto Kagera ukawa ndo adui mkubwa kuliko Amin mwenyewe. Unaweza kuwa na vifaru vizuri namna gani, bila daraja unaviangalia tu ng'ambo hii. Ilibidi lipatikane daraja la kuelea, vitu vikavushwa. Na vifaru vyetu vile vya Kichina vilikuwa tani 36 hivi, na vile vyepesi tani 21.

Sasa leo mtu anakuja kwenye kijiwe anasema tununue Abrams. Ya kisasa ina tani 66. Mizani za Afrika Mashariki mwisho wa lori na mzigo wake ni tani 56, muulizeni dereva yeyote wa malori aliyewahi kutoa jasho pale Vigwaza. Kifaru hakitembei Dar mpaka mpakani kwa minyororo yake, kitakula lami yote na chenyewe kitakufa gia, kinabebwa kwenye trela, na trela lake na kichwa chake na mzigo vyote pamoja vinapita tani 100. Hesabuni madaraja kati ya Dodoma na Bukoba. Mafuta nayo, injini ile ya tabaini, ndugu ya injini za ndege, tanki lake linameza karibu lita 1,900 na unapata kama kilomita 400 na ushee kwenye barabara nzuri, kwa iyo nyuma yake lazima malori ya mafuta yafuate, na hayo hayana chuma cha kuzuia chochote.

Na Lukaya, kule Uganda, Machi 1979, babu atawaambia. Walibya na watu wa Amin walikuja na vifaru vya T-55 na roketi za Katyusha, walianza vizuri tu, wakaturudisha nyuma usiku. Lakini ile ni barabara imepita katikati ya kinamasi, kifaru hakina pa kuchepukia, brigedi yetu ya 208 ikazunguka mbali kuitafuta barabara ya Kampala kwa nyuma, alfajiri Walibya na wenzao wakabanwa pande mbili, ikawa mwisho wao. Kwa iyo mimi nawaamua hivi: vifaru vya kati, vichache, vinavyopita kwenye madaraja tuliyonayo, nasema ndiyo. Vizito vya Kizungu hapana, hata tukipewa bure, maana hata Wamarekani wenyewe 2025 wamefuta M10 Booker, kifaru chao kipya kilichotakiwa kuwa chepesi kikaishia tani 38 na zaidi. Mdogo wako amepata nusu, babu nusu, kahawa analipa mdogo.

SWALI: Assalam aleikum. Sisi huku Lamu hatuna habari na vifaru, twasumbuliwa na mabomu ya kutegwa barabarani. Yale magari marefu ya jeshi yasaidia kweli ama ni ya kujionyesha? (Mama wa askari)

JIBU: Waaleikum salam mama. Yanasaidia. Tazama chini ya gari, tumbo lake limekatwa kama ngalawa, halijalala bapa. Bomu likilipuka chini, upepo wake unasukumwa pembeni badala ya kuinua sakafu na miguu ya waliokaa, na viti vingi vimening'inizwa visiguse sakafu. Mtindo huo ulikomaa kusini mwa Afrika miaka ya 1970, Casspir ndo mmoja wao, na Waganda waliutumia sana Mogadishu. Haizuii kila kitu, wanaotega nao wanaongeza baruti kila mwaka, na askari aliyefunga mkanda na aliyekaa bila mkanda kwenye gari lilelile hawatoki sawa. Mkumbushe mwanao hilo la mkanda, wanalidharau kwa sababu ya joto. Kwa pesa za nchi zetu, magari haya yanatangulia kifaru, sina mjadala hapo.

SWALI: Bandarini Kilindini wazee bado wanabishana, vile vifaru vya meli ya maharamia vilikuwa vya Kenya au vya nani? (Kuli mstaafu, Mombasa)

JIBU: Meli ilikuwa MV Faina, ilitekwa Septemba 2008 na maharamia wa Kisomali ikiwa na T-72 33 kutoka Ukraine, ikafika Mombasa Februari 2009 baada ya kulipwa fidia. Serikali ya Kenya ilishikilia kuwa ni vyake, ila karatasi za mzigo zilikuwa na herufi za serikali ya Sudan Kusini, na nyaraka za ubalozi wa Marekani zilizovuja 2010 zikamaliza ubishi, vilikuwa vya Juba na Mombasa ilikuwa njia tu. Anayesema vilikuwa vya Kenya anadaiwa chai.