Kukandwa nyayo wakati wa ujauzito

Swali: Shangazi, nina mimba ya miezi saba. Jirani yangu hapa Ngamiani, Tanga, ananihimiza nikakandwe nyayo kwa mafuta ya nazi ili uchungu uje mwepesi. Je, inafaa?

Jibu: Mwanangu, kukandwa taratibu huburudisha mwili, na hilo peke yake si haba; lakini ile ramani inayounganisha kila sehemu ya wayo na kiungo cha ndani, iliyoenezwa na Eunice Ingham wa Marekani katika miaka ya 1930, haijathibitishwa kisayansi, basi usiitegemee kurahisisha uzazi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma usikandwe kabisa, kwani huenda damu imeganda. Uvimbe wa ghafla ukiambatana na maumivu makali ya kichwa au macho kuona ukungu, wahi hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda ni dalili za kifafa cha mimba.